Mwigizaji Aliyenyimwa Maneno: Noble Johnson na Suala la Mhusika Bapa

Utangulizi

Mwaka wa masomo uliopita tuliwaonyesha wanafunzi wetu wa mwaka wa pili filamu ya King Kong, ile ya mwaka 1933, katika kipindi cha nadharia ya uhusika. Lengo letu lilikuwa dogo: walinganishe jinsi mhusika anavyojengwa katika riwaya na jinsi anavyojengwa katika filamu. Tulipofika pale ambapo chifu wa kisiwa anawaona wageni, anasimamisha ngoma na kuanza kuwasemesha kwa lugha ya kwao, darasa zima liliangua kicheko. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hiyo ni lugha gani?" Mwenzake akadakia kwamba bila shaka ni lugha ya huku kwetu, ila wazungu wameiharibu.

Jibu ni kwamba lugha ile si ya mahali popote. Ni maneno yaliyobuniwa kwa ajili ya filamu. Ndani ya hadithi, nahodha wa meli anasema inafanana na lugha ya watu wa Nias, kisiwa kilichoko magharibi ya Sumatra, na hivyo anaweza kukalimani. Baada ya filamu tulitoa zoezi la kueleza uhusika wa chifu yule. Majibu karibu yote yalikuwa mamoja: chifu ni mhusika bapa, ametumiwa kuonyesha ushenzi, basi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyemwigiza.

Makala haya yametokana na majibu hayo. Tunadhamiria kuonyesha kwamba ubapa wa mhusika si lazima uwe upungufu wa mhusika mwenyewe wala wa mwigizaji wake. Mara nyingine ni matokeo ya uamuzi wa mtu mwingine wa kumnyima mhusika lugha. Mfano wetu ni mwigizaji wa chifu yule, Mmarekani mweusi aliyeitwa Noble Johnson.

Noble Johnson ni nani?

Noble Johnson alizaliwa tarehe 18 Aprili 1881 katika mji wa Marshall, jimbo la Missouri, akakulia Colorado Springs, jimbo la Colorado. Baba yake alikuwa mfunzaji wa farasi, na kijana aliacha shule mapema akaingia katika kazi hiyo hiyo. Miongoni mwa aliosoma nao utotoni alikuwapo Lon Chaney, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kama mwigizaji wa sura nyingi katika zama za filamu bubu.

Aliingia katika uigizaji kwa bahati. Mnamo mwaka 1914 kampuni ya Lubin ilikuwa ikipiga filamu huko Colorado, mwigizaji mmoja akaumia, na wakahitaji mtu shupavu mwenye kujua kupanda farasi ashike nafasi yake. Nafasi yenyewe ilikuwa ya Mhindi Mwekundu, kama wenyeji asilia wa Marekani walivyoitwa zama hizo. Tunaomba msomaji alishike jambo hili: tangu siku ya kwanza, Johnson aliajiriwa kuwa mtu wa taifa jingine. Alikuwa mrefu, mwenye kifua kipana na rangi ya maji ya kunde, na katika picha za rangi nyeusi na nyeupe vipodozi na maleba viliweza kumgeuza awe mtu wa karibu kila kabila. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1950, katika filamu zaidi ya 100, na akafariki tarehe 9 Januari 1978 huko Yucaipa, California.

Alipojipa mwenyewe nafasi

Kabla hatujaeleza alichopewa na Hollywood, ni haki tueleze alichojipa mwenyewe. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa filamu ya The Birth of a Nation, iliyowatukuza wapanda farasi wa Ku Klux Klan na kuwachora watu weusi kama hatari kwa taifa. Mwaka uliofuata, 1916, Noble na mdogo wake George, aliyekuwa mfanyakazi wa posta mjini Omaha, walishirikiana na wenzao kuunda Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya filamu ya watu weusi iliyotengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji weusi. Noble alikuwa rais wa kampuni na mwigizaji wake mkuu. Inaelezwa kwamba sehemu ya mtaji ilitoka katika ujira wake wa kuigiza kwenye studio za wazungu.

Filamu yao ya kwanza iliitwa The Realization of a Negro's Ambition, yaani kutimia kwa matumaini ya mtu mweusi. Humo Johnson aliigiza kijana James Burton, mhitimu wa uhandisi wa Chuo cha Tuskegee, anayeacha shamba la baba yake kwenda California kutafuta kazi katika visima vya mafuta. Ananyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake. Kisha anamwokoa binti wa tajiri mwenye visima, anapata kazi, na mwishowe anagundua kwamba hata ardhi ya baba yake ina mafuta. Msuko huu si mgeni kwa msomaji wa riwaya za awali za Kiswahili: kijana anaondoka nyumbani, anajaribiwa, anarudi, na heri inapatikana kwao. La kuzingatia ni kwamba Burton ana jina, ana elimu, ana wazazi, ana nia. Ana yote yanayomfanya mhusika awe duara.

Ikafuata Trooper of Troop K, kuhusu askari weusi wa kikosi cha kumi cha wapanda farasi waliopigana Carrizal, Mexico, mwezi Juni 1916. Hapo Johnson aliigiza kijana mvivu asiyetarajiwa chochote, ambaye vita vinambadilisha. Ikafuata tena The Law of Nature mwaka 1917. Mwaka 1918 akajiuzulu. Inaelezwa kwamba studio ya Universal, iliyokuwa imemwajiri, haikupendezwa kuona mabango yenye sura yake yakiwavuta watazamaji weusi kwenye majumba yaliyoonyesha filamu za Lincoln, ikamtaka achague. Alichagua mshahara. Kampuni iliendelea bila yeye, ikatoa filamu yake ya mwisho, By Right of Birth, mwaka 1921. Kipande kifupi tu cha filamu hiyo ndicho kilichosalia. Filamu ya Burton imepotea kabisa.

Hivyo mhakiki wa leo anakabiliwa na hali ya ajabu. Nafasi ambazo Johnson alijipa hazionekani tena. Zilizobaki ni zile alizopewa.

Sura nyingi, jina moja moja

Katika miaka ya filamu bubu, nafasi hizo zilikuwa nyingi na za kila namna. Mwaka 1921 alikuwa mmoja wa wapanda farasi wanne katika The Four Horsemen of the Apocalypse. Mwaka 1922 aliigiza Friday, mtumishi wa Robinson Crusoe, katika filamu ya mfululizo. Mwaka 1924 alikuwa mwanamfalme wa Kihindi katika The Thief of Bagdad, akishindana na wachumba wengine kumposa binti mfalme. Mwaka 1927 aliigiza Uncle Tom katika Topsy and Eva, mojawapo ya nafasi chache ambamo Hollywood ilimruhusu kuwa Mmarekani mweusi.

Tukiziangalia nafasi hizo kwa jicho la lugha, tunaona jambo moja. Katika filamu bubu wahusika wote walikuwa bubu. Tajiri na mtumwa, mzungu na Mhindi, wote walizungumza kwa uso, kwa mikono na kwa maandishi yaliyoonyeshwa kati ya picha na picha. Hakukuwa na lafudhi. Usawa huu haukukusudiwa na mtu, ulitokana na upungufu wa mitambo. Lakini ndani yake mwigizaji kama Johnson alipata upenyo. Mwanamfalme wa Kihindi aliweza kusimama kwa hadhi ile ile aliyosimama nayo mwanamfalme mwingine yeyote, kwa kuwa hadhi ilikuwa katika shingo na mabega, na hivyo alikuwa navyo.

Sauti ilipokuja

Mwaka 1927 ilitoka The Jazz Singer, na katika miaka michache Hollywood nzima ikahamia kwenye filamu za sauti. Kwa waigizaji weusi wengi huu ulikuwa mlango: walitafutwa waimbe na waseme. Kwa Johnson mambo yalikwenda kinyume. Swali lililokuwa halijawahi kuulizwa sasa lilidai jibu: mtu huyu, ambaye leo ni Mhindi na kesho ni Mwarabu, atazungumza lugha gani? Jibu la studio, mara nyingi, lilikuwa kwamba asizungumze.

Mwaka 1932 unatosha kuwa ushahidi. Katika Mystery Ranch mhusika wake aliitwa Mudo, neno la Kihispania lenye maana ya bubu. Katika The Mummy hakupewa hata jina: orodha ya waigizaji inamtaja kama Mnubi tu, mtumishi anayetekwa akili na mchawi wa kale. Katika The Most Dangerous Game alipakwa vipodozi vyeupe na kubandikwa ndevu, akawa Ivan, Mkozaki wa Urusi anayemtumikia mwindaji wa watu, Zaroff. Mgeni anapojaribu kumsemesha Ivan, Zaroff anaeleza kwamba mtumishi wake hazungumzi lugha yoyote, kwa bahati mbaya ni bubu.

Filamu hii ilipigwa katika kipindi kimoja na King Kong. Misitu ya kutengeneza ya studio ilikuwa ile ile, na Fay Wray na Robert Armstrong waliigiza katika filamu zote mbili, sawa na Johnson. Kwa hiyo katika miezi hiyo hiyo, katika misitu hiyo hiyo, mtu mmoja alikuwa mzungu asiye na ulimi na chifu mwenye ulimi usio wa mtu. Lugha yake mwenyewe, Kiingereza cha Missouri na Colorado, haikuhitajika katika nafasi yoyote kati ya hizo mbili.

Miaka iliyofuata haikubadili sana mambo. Alirudi kuwa chifu katika The Son of Kong mwaka huo huo wa 1933. Katika Lost Horizon ya mwaka 1937 alikuwa kiongozi wa wapagazi. Katika The Ghost Breakers ya mwaka 1940 alikuwa maiti inayotembea, na maiti haina la kusema.

Alifanya nini na kidogo alichopewa?

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuacha kuhesabu dhuluma na kutazama kazi. Tuchukue maonyesho mawili.

La kwanza ni la Ivan. Zaroff anawaambia wageni kwamba mtumishi wake, kama wenzake wa nchi yao, ana ukali kidogo, kisha anamwamuru atabasamu. Ivan anatabasamu. Tabasamu lenyewe linakuja polepole, midomo inafunguka lakini macho hayabadiliki hata chembe. Ni jambo la sekunde chache, na mtazamaji wa kawaida anacheka au anaogopa. Lakini tulitazame tena. Tabasamu la kuamriwa ni la nani? Johnson anatuonyesha mtumishi anayetii kwa midomo tu, na kilichomo ndani hakimhusu bwana wake. Katika tabasamu lile moja tunapata habari za uhusiano wa bwana na mtumwa ambazo mazungumzo ya Zaroff, pamoja na wingi wake, hayakutupa.

La pili ni la chifu. Wanafunzi wetu walicheka kwa sababu walisikiliza maneno. Tunawaomba warudie bila kusikiliza maneno. Chifu anawaona wageni, anainua mkono, ngoma inakoma. Anashuka ngazi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka kwa sababu hapa ni kwake. Muziki wa Max Steiner unafuata nyayo zake hatua kwa hatua, kana kwamba hata wapiga ala wanamsubiri yeye. Anazungumza kwa sauti ya wastani yenye vituo, na baada ya kila kituo anamtazama mwenzake kuona kama ameelewa. Ndivyo azungumzavyo mtu mwenye mamlaka na mwenye akili. Johnson aliyachukua maneno yasiyo na maana akayapa sarufi: kuna swali, kuna agizo, kuna ofa. Chifu anapotaka kumnunua yule mwanamke mwenye nywele za dhahabu kwa wanawake sita wa kwake, sisi tunaelewa kwamba bei imetajwa hata kabla nahodha hajafungua kinywa kukalimani.

Kwa maoni yetu hiyo ni kazi ya mwigizaji wa daraja la juu, na pia ni somo la isimu. Kiimbo, kituo na ishara ni lugha. Waandishi wa filamu walimnyima msamiati, lakini hawakuweza kumnyima hivyo vitatu.

Hoja za upinzani

Wapo watakaosema kwamba tunampamba. Hoja yao ya kwanza ni kwamba alikuwa na kampuni yake, alikuwa na James Burton wake, akaiacha kwa hiari akaenda kuwa mshenzi wa kukodiwa. Hoja hii ina uzito, wala hatuikwepi. Aliyebaki Lincoln, Clarence Brooks, alikuja kupewa na John Ford nafasi ya daktari mweusi mwenye heshima katika Arrowsmith ya mwaka 1931. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwapo, ingawa ilikuwa nyembamba, na Brooks hakupata nafasi nyingi kama ile.

Hoja ya pili ni kwamba picha alizosaidia kuzieneza, za chifu anayetoa watu kafara na za mtumishi asiye na akili yake, zilitudhuru sisi huku, kwani ndizo zilizowafundisha wengi ulaya na Marekani jinsi ya kututazama. Hilo nalo ni kweli. Umahiri wa mwigizaji hauisafishi filamu. Huenda ndio unaoipa nguvu zaidi, kwa kuwa chifu asiyeaminika asingemdhuru mtu.

Hata hivyo tunaona tofauti kati ya kumlaumu Johnson na kumwelewa. Waigizaji weusi wengi wa zama zake walipewa nafasi za kuchekesha na za utumishi wa ndani. Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa nafasi ya mtumishi wa nyumbani katika Gone with the Wind. Johnson alikwepa kwa sehemu kubwa jikoni na kichekesho. Bei aliyolipa ni kwamba watazamaji wengi hawakujua kabisa kwamba ni Mmarekani mweusi. McDaniel alionekana, akafungwa katika nafasi moja. Johnson alipata nafasi mia, asionekane katika hata moja. Hatuwezi kusema kwa hakika nani alipoteza zaidi.

Kiswahili katika mizani hiyo

Msomaji anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili. Johnson aliacha kuigiza mwaka 1950. Mwaka huo huo ilitoka King Solomon's Mines, filamu ya Hollywood iliyopigwa katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki na ya Kati, na ambayo humo Kiswahili halisi kinasikika, kinywani mwa wapagazi na kinywani mwa mwigizaji mkuu, Stewart Granger. Wengi wetu tumeisifu kwa hilo. Tunaona fahari kusikia lugha yetu katika filamu kubwa ya wakati ule.

Lakini tujiulize. Kwa mtazamaji wa Chicago asiyejua neno hata moja la Kiswahili, na ambaye sehemu kubwa ya mazungumzo hayo hakutafsiriwa, kulikuwa na tofauti gani kati ya Kiswahili hicho na maneno ya kubuni ya chifu wa King Kong? Kwake yote yalikuwa mlio wa mandhari, kama ngoma na ndege. Lugha kusikika si sawa na lugha kupewa nafasi ya kueleza jambo. Tunapofurahia Kiswahili kutumika katika filamu za kigeni, na sasa hutumika mara nyingi zaidi, kigezo chetu kisiwe kama kimesikika. Kiwe kama aliyekisema alikuwa na jambo la kusema, na kama tuliosikiliza tulihesabiwa kuwa wasikilizaji.

Mapendekezo kwa ufundishaji

Istilahi za mhusika bapa na mhusika duara tumezirithi kutoka kwa E. M. Forster, aliyezieleza katika Aspects of the Novel, kitabu cha mwaka 1927. Kwake bapa ni yule anayeweza kuelezwa kwa sentensi moja. Sisi katika madarasa yetu tumeigeuza istilahi hiyo kuwa muhuri. Mwanafunzi akikutana na mpishi, topasi, mlinzi au bibi kizee asiye na maneno mengi katika tamthilia, anagonga muhuri wa "bapa", anaandika "ametumiwa kuonyesha" kadha wa kadha, anapata alama zake mbili, anasonga mbele. Nasi tumekuwa tukizitoa alama hizo.

Tunapendekeza kwamba kabla ya kugonga muhuri, mwanafunzi ajibu maswali matatu. Kwanza, je, mhusika huyu amepewa lugha, na kama hakupewa, ni nani katika kazi hii anayezungumza kwa niaba yake? Pili, pale asipopewa maneno, anatenda nini kwa mwili, kwa ukimya na kwa kituo? Tatu, je, ubapa wake unatokana na yeye, au unatokana na mahali alipowekwa mtazamaji ili asimwone vizuri? Maswali haya yanafaa kwa filamu, na yanafaa pia kwa mtumishi wa nyumbani katika tamthilia yoyote iliyomo kwenye silabasi zetu.

Muhula huu tumelirudia zoezi lile kwa wanafunzi wale wale. Safari hii tuliwaonyesha onyesho la chifu mara mbili, mara ya kwanza sauti ikiwa imezimwa. Hakuna aliyecheka. Yule aliyeuliza ni lugha gani aliandika ukurasa mzima juu ya mkono unaosimamisha ngoma, na mwishoni akaongeza kwamba angependa kujua chifu yule aliitwa nani. Filamu haikumpa jina. Tulimwandikia pembeni mwa karatasi jina la Noble Johnson, tukampa alama anazostahili.